Giaboksi Imekufa Tena! Nani Alipe?

Fundi anasema spea ilikuwa mbovu. Muuza spea anasema fundi hajui kazi. Mume anasema wote wawili wamemla. Na mke je, aliyesikia kila kitu? Kisa cha kweli kutoka Chake Chake, na mambo ambayo kila wenye gari wanapaswa kuyajua kabla ya kutoa hela.

Ilikuwa Ijumaa baada ya Magharibi, tunatoka arusini Wete tunarudi Chake. Nimekaa mbele, viatu nimevivua, hina bado inanukia, halua ya Wete iko mapajani. Raha mustarehe! Tukafika kwenye kilima kimoja, ghafla injini ikalia kama ndege inataka kuruka, lakini gari haliendi. Mume wangu akakanyaga mafuta. Likalia zaidi. Halafu, taratibu, likaanza kurudi nyuma.

Hakuna aliyesema neno. Sote wawili tulijua ni nini. Giaboksi hiyo ilikuwa na siku kumi na tisa tu tangu ifungwe.

Gari lenyewe ni Subaru Forester, otomatiki, lenye tabo. Mkoko wa nguvu. Anayetujua Pemba anajua vijana wetu walivyo na Subaru: wanaipenda kuliko chai ya asubuhi. Na si ajabu. Afrika Mashariki tumeiona kwa macho. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiwa na Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na gari hilo hilo. Wengi waliokuwa watoto wakati huo ndio waume zetu leo. Tatizo ni kwamba gari la rali lina kikosi cha mafundi wanaolisubiri njiani na spea mpya. La mume wangu lina fundi mmoja chini ya muembe.

Ilivyoanza

Giaboksi ya kwanza ilianza na dalili ndogo. Asubuhi unaweka gia, gari linafikiri kwanza ndipo linavuta. Baadaye likawa linateleza: mshale wa mizunguko unapanda, spidi haipandi. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akanipa na mie ninuse. Oili ya giaboksi ikiwa nzima huwa nyekundu. Hii ilikuwa ya kahawia na inanuka kama mkate ulioungua. "Shemeji," akaniambia, "hii imeshakwenda."

Kutengeneza giaboksi ya otomatiki kwetu ni kazi ngumu, vipuri vyake vidogo vidogo kuvipata ni shida. Kwa hiyo watu wengi hufanya kama tulivyofanya sisi: wanatafuta giaboksi nzima iliyotumika. Mume wangu akampata muuza spea Dar es Salaam kwa simu. Picha zikaja, bei ikapatanwa: milioni moja na laki mbili. Usafiri na oili, laki na elfu themanini. Ufundi, laki na nusu. Jumla milioni moja, laki tano na elfu thelathini.

Katika hizo, laki nane zilikuwa zangu. Zamu yangu ya kibati, niliyoisubiri miezi kumi, nikitaka kununua cherehani ya kisasa na kuanza kushona mashela. Mume wangu akasema, "Nikopeshe, mke wangu, karafuu zikianza nitakulipa." Nikampa. Sikuandikisha. Nani anaandikishana na mumewe?

Kila mtu na lake

Baada ya ile Ijumaa, kizaazaa. Mume wangu alimpigia muuza spea, akajibiwa kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nilikupa waranti ya siku saba. Leo ni siku ya thelathini."

Hebu tupige hesabu, msomaji. Waranti ilianza siku ya malipo. Giaboksi ikangoja meli, ikapita Unguja, ikateremshwa bandari ya Mkoani siku ya tano. Fundi alikuwa na kazi nyingine, akaifunga siku ya kumi na moja. Kwa maana nyingine, waranti ilikufa siku nne kabla gari halijawashwa! Mtu wa Dar anayenunua asubuhi na kufunga jioni, siku saba zinamtosha. Mtu wa kisiwani ananunua karatasi tupu.

Muuza spea akaongeza: "Na huyo fundi wenu, muulizeni alifua mabomba ya oili au alifunga tu?"

Fundi alipoulizwa, akawaka. Kwamba spea za kutumika ni bahati nasibu. Kwamba gari limekimbizwa. Kwamba matairi ya mbele mapya na ya nyuma yamekwisha. Mume wangu naye akaapa kuwa halijawahi kukimbizwa, na kwamba fundi atalipa kila senti, la sivyo watakutana polisi.

Mie nilinyamaza. Kwa sababu nilikuwa najua kitu.

Simu niliyoisikia

Siku moja kabla giaboksi haijafungwa, nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Mume wangu kakaa kizingitini, simu kaiweka sauti ya nje. Fundi anasema: "Kaka, oili ya zamani imejaa vumbi la chuma. Nataka nitoe rejeta, nifue mabomba, na nipate lita nne za ziada za kusafishia. Nipe siku moja zaidi." Mume wangu akajibu, "Wewe bwana unataka kunimaliza. Kesho nina safari ya Mkoani. Funga tu."

Fundi akasema, "Haya, kaka."

Hapo ndipo penye siri ya giaboksi nyingi zinazokufa mara ya pili. Oili ya otomatiki haikai ndani ya giaboksi peke yake. Inazunguka: inatoka kwa mabomba mawili, inapita kwenye kipoozeo, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta, halafu inarudi. Giaboksi ya zamani inapokufa, klachi zake zinasagika na chuma kinakatika vipande vidogo kama unga. Unga huo unaganda kwenye kipoozeo. Ukifunga giaboksi nyingine bila kuvifua, oili mpya inausomba uchafu wa marehemu na kuupeleka kwa mgeni. Pia njia ikiziba, oili haipoi, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi ya otomatiki.

Hata suala la matairi fundi hakulitunga. Subaru inasukuma magurudumu yote manne. Matairi ya mbele yakiwa makubwa kuliko ya nyuma, hata kwa tofauti ndogo, yanazunguka kwa idadi tofauti, na klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma haipumziki. Inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka inachoka. Na yale matairi mawili mapya ya mbele? Mume wangu aliyanunua mwenyewe, kwa kubana matumizi.

Kwa hiyo nilikuwa na ukweli mkononi, na ukweli huo ulikuwa unamkata mume wangu. Nikisema, nimemvua nguo mbele za watu. Nikinyamaza, kijana mwenye spana kumi na mbili na watoto watatu analipa milioni na nusu ambayo hana. Tena mkewe tuko naye kibati kimoja. Usiku silali.

Siku ya sulhu

Kwetu, kabla ya polisi na mahakama, kuna wazee. Ami yake mume wangu, aliyeendesha lori la karafuu miaka mingi, akatuita sote barazani kwake. Akasema hatasikiliza maneno ya mtu kabla giaboksi haijafunguliwa. Akaita fundi mwingine asiyemjua yeyote kati yetu, ikateremshwa na kufunguliwa mbele yetu. Sampo lilipotoka, oili nyeusi, chini matope ya chuma. Mabomba yakapulizwa kwa upepo: moja likatema uchafu mwingi, la pili halikupitisha kitu.

Ami akamgeukia fundi wetu. "Ulivifua hivi?"

"Sikuvifua, mzee. Niliambiwa nifunge tu."

"Nani kakwambia?"

Fundi akamtazama mume wangu. Mume wangu akasema, "Mie sikusema hivyo. Nilimwambia afanye kazi yake."

Kimya. Halafu Ami, sijui kwa nini, akanitazama mie. "Na wewe mwanangu, una la kusema?"

Moyo ulinidunda mpaka masikioni. Nikasema, "Ami, niwie radhi, na mume wangu aniwie radhi. Simu ile niliisikia. Fundi aliomba siku moja na lita nne. Hakupewa."

Sikumtazama mume wangu. Nilitazama mikono yangu, hina imeshaanza kufifia.

Ami hakupandisha sauti. Alimwambia mume wangu, "Umeokoa lita nne, umepoteza giaboksi." Nikadhani fundi ameshapona. Lakini akamgeukia naye: "Na wewe ndiye fundi, si yeye. Ukijua kitu kitakufa ukakifunga, umekubali kufa nacho. Ungesema: kwa mtindo huu sifungi. Au ungemwandikia: nimekushauri, umekataa, sina dhamana. Umesema 'haya kaka', umechukua hela."

Hukumu ikawa hivi: fundi arudishe laki na nusu ya ufundi, na giaboksi ya tatu aifunge bure, mabomba na kipoozeo vikiwa vimefuliwa. Mume wangu anunue giaboksi mwenyewe na matairi mawili ya nyuma. Muuza spea? Huyo alikuwa mbali na barazani. Alipopigiwa alikubali kupunguza kidogo bei ya nyingine, basi.

Sheria na dini zinasemaje?

Nilitaka kujua kama Ami alipatia, nikauliza na kusoma. Kumbe hakuwa mbali.

Wengi wetu Pemba tunafuata madhehebu ya Shafii. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, fundi aliyekabidhiwa kitu ana mkono wa amana: halipi kikiharibika, isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Wamaliki wamekuwa wakali zaidi kwa mafundi, kwa hoja ya kulinda mali za watu. Swali basi si "gari limeharibika?" bali "fundi alifanya ambacho fundi mwenzake mwema angefanya?"

Sheria za serikali nazo zinakaribia hapo hapo. Sheria za mikataba za Zanzibar na za Bara zina mizizi katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza yake. Sheria hiyo hiyo inampa fundi haki pia: akifanya kazi yake sawasawa, anaweza kukizuia kitu mpaka alipwe. Hivyo usiende gereji usiku kuiba gari lako mwenyewe!

Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji, namba 5 ya mwaka 2018, na chombo chake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Bara wana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tume yao, FCC. Sheria hiyo ya Bara inaweka ndani ya mkataba wa mlaji sharti la huduma kufanywa kwa uangalifu na ujuzi unaostahiki, hata kama hamkuliandika. Angalia hapo: muuza spea wako yuko Dar, fundi wako yuko Chake. Ni pande mbili, sheria mbili, tume mbili. Ukichanganya malalamiko yako, utazungushwa mpaka ukate tamaa. Mtenganishe kila mmoja na kosa lake.

Lakini kokote uendako, iwe kwa sheha, tume au mahakamani, utaulizwa jambo moja: ushahidi uko wapi? Sisi ushahidi wetu ulikuwa masikio ya mwanamke aliyekuwa anakanda chapati.

Mambo 7 ya kufanya kabla hujatoa hela

1. *Uliza kwa nini ya kwanza ilikufa.* Kubadilisha giaboksi bila kujua chanzo ni kumzika maiti na kuacha ugonjwa ndani ya nyumba. Kama rejeta inavuja ndani, maji na oili vinachanganyika, unaona rangi ya maziwa ya waridi. Giaboksi mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule.

2. *Waranti ianze siku ya kufungwa.* Mwambie muuzaji wazi: niko kisiwani. Kama hataki, basi ihesabiwe tangu mzigo ulipofika bandarini. Aandike, hata kwa ujumbe wa simu.

3. *Piga picha namba ya giaboksi* kabla haijafungwa, na hali ya oili yake. Bila hivyo muuzaji anaweza kukwambia, "Hii siyo niliyokuuzia."

4. *Kipoozeo na mabomba yafuliwe, au kipoozeo kibadilishwe.* Hili halina mjadala.

5. *Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.* Na wenye Subaru za otomatiki za gia nne kama yetu, angalieni: zina vijiti viwili, kimoja cha oili ya giaboksi na kingine cha difu ya mbele. Ni oili mbili tofauti. Kuna waliotaka kumwaga oili ya injini wakamwaga ya giaboksi! Ya giaboksi hupimwa gari likiwa limepata moto, linaunguruma, limesimama sehemu tambarare.

6. *Fundi akishauri ukakataa, muandikiane.* Mistari miwili inatosha: ameshauri nini, mwenye gari amejibu nini, tarehe. Inamlinda fundi, inakulinda na wewe usije ukasahau maneno yako.

7. *Ikifa tena, usiiguse.* Usimpe fundi mwingine aifungue peke yake. Ifunguliwe mbele ya pande zote, na mpige picha. Giaboksi ikishafunguliwa kienyeji, kila mtu atasema aliyeifungua ndiye aliyeiua.

Na nyumbani je?

Najua wengi mnasubiri hapa. Siku tatu mume wangu hakusema nami zaidi ya "maji" na "funga mlango". Mavyaa wangu akaja, akaniambia mke mwema humsitiri mumewe. Nikamjibu kwa adabu, "Ni kweli, mama. Lakini si kwa nguo ya mtu mwingine." Hakujibu, ila alikaa mpaka chai ikaiva, akanywa vikombe viwili.

Usiku wa nne mume wangu alikuja jikoni, akakaa kizingitini pale pale. Akasema, "Ulinivunja mbele ya Ami." Nikasema, "Najua. Na wewe ungemvunja yule kijana mbele ya watoto wake." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba hakukusudia kusema uongo. Alisahau kabisa ile simu, mpaka niliposema. Alikuwa na haraka, akaona fundi anataka hela tu, neno likatoka, likapotea.

Nilimwamini, na bado namwamini. Ndivyo ugomvi mwingi unavyokuwa, wa gereji na wa chumbani. Mtu halazimiki kuwa mwongo ili aikumbuke hadithi yenye makosa ya wenzake tu.

Akainuka, akachukua daftari la watoto, akachana karatasi, akaandika: "Nadaiwa na mke wangu shilingi laki nane." Akatia tarehe na sahihi. Nikacheka. Nikamwambia hakuna haja. Akasema haja ipo.

Mpaka leo amelipa laki tano. Cherehani nimeshaitolea kianzio. Gari linatembea, matairi yote manne ni ya aina moja, na yule fundi bado ndiye fundi wetu. Sasa ana daftari lake, na ukikataa ushauri wake anakusogezea kalamu, anasema, "Tia sahihi hapa, kaka."

Msomaji, wewe ungekuwa mie, ungesema au ungenyamaza? Muulize na mwenzio leo usiku, kabla mkoko wenu haujaanza kuteleza kilimani.